Kibirizi na masoko yetu: nani apokee malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia?

Naomba tujadili jambo ambalo hapa Kigoma ni nadra kuwekwa kwenye ajenda za mikutano ya mitaa, ingawa taka na michango ya madarasa huchukua saa nzima. Nazungumzia kushikwa maungo bila ridhaa, kutamkiwa maneno ya aibu mbele za watu, na kuwekewa sharti la kimapenzi ili mtu apate bidhaa au huduma. Ubakaji nauweka kando, kwa sababu huo angalau kila mtu anautambua kuwa ni uhalifu. Haya mengine hutendeka asubuhi kweupe, watu wakitazama, kisha kila mmoja akaendelea na shughuli zake.

Chukueni mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inaposhushia samaki. Mama anayechuuza dagaa kwa kawaida hana mtumbwi wala nyavu. Humtegemea tajiri au nahodha amgawie mzigo, mara nyingi kwa mali kauli, akaanike, auze, ndipo arejeshe fedha. Samaki wakiadimika, anayegawa ndiye mwenye kauli, na hapo ndipo mkono unapopelekwa usikostahili na mama akalazimika kucheka ili asikose beseni la kesho. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, tulijadili sana kipato na chakula, na mimi sipingi hatua yenyewe. Ila sikusikia mtu akiuliza uhaba unamwongezea nani nguvu juu ya nani.

Wapo wanaosema huu ni utani wa kawaida wa mwaloni. Utani naujua na naupenda, lakini utani una watani wake, na mtani huwa na haki ya kujibu kwa ukali uleule bila kuogopa kitu. Mchuuzi mwenye deni hana haki hiyo.

Si kwamba sheria imenyamaza. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D, kinachofanya unyanyasaji wa kijinsia, hata wa maneno, kuwa kosa la jinai lenye adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru fidia. Kifungu hicho hakimlindi mwanamke peke yake. Kijana wa kiume anayesumbuliwa na mwajiri wake naye anahusika. Lakini sheria hiyohiyo inataka malalamiko yatolewe ndani ya siku 60 tangu tukio, au tangu tukio la mwisho, na kwa mtu ambaye bado anadaiwa na huyohuyo anayetaka kumshtaki, siku 60 ni chache mno: atalipa deni kwanza, na akimaliza kulilipa muda umepita.

Ushahidi nao ni mtihani. Aliyepigwa hupewa PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, daktari akaandika alichokiona, lakini aliyetukanwa kwa lugha ya kingono hana jeraha la kuonyesha, na mashahidi wake ni makuli na wachuuzi wenzake wanaomtegemea tajiri yuleyule. Dawati la Jinsia na Watoto polisi lipo, na ni msaada mkubwa, lakini haliwezi kumlazimisha mtu aharibu riziki yake kwa kusema alichokiona.

Hoja ya upande wa pili ninayoiheshimu ni ile ya wazee wanaohofia kwamba mtu atasingiziwa kwa sababu ya deni au wivu wa biashara. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, wizi nao husingiziwa, na hatujawahi kusema kesi za wizi zisipokelewe. (Hoja kwamba mavazi ya mwanamke ndiyo huchochea haya sitaijibu, anayeanika dagaa juani hujifunika kuanzia kichwani hadi miguuni.)

Pendekezo langu ni kwamba malalamiko ya mwaloni yasianzie kwa uongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi na wadau cha kusimamia uvuvi mwaloni, pale ambapo viongozi wenyewe ni wenye mitumbwi. Yapokelewe na afisa maendeleo ya jamii wa kata pamoja na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, ambazo zilielekezwa kuundwa na mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, MTAKUWWA, wa 2017/18 hadi 2021/22, na Manispaa ya Kigoma-Ujiji itunge sheria ndogo inayomzuia mwenye chombo kumnyima mzigo mtu aliyelalamika. Najua wapo watakaosema BMU ndiyo inayowajua watu wake, na kwamba afisa wa kata hafiki mwaloni alfajiri mitumbwi inaporudi. Ninyi mnaofanya kazi Kibirizi, Katonga na Ujiji, mngeanza kumwendea nani?