Mjadala: Sh60,000 za vitabu vya watoto. Tumlete Harriet Tubman au tumngoje Luanda Magere?

Mama Kibuye (nimeanzisha mjadala)

Hamjambo nyote. Naleta hapa jambo lililotushinda Jumamosi iliyopita. Shule yetu ya msingi iko hapa Kisumu, jina silitaji. Wazazi tulichanga tukapata shilingi 60,000 za kujaza kabati la vitabu vya hadithi. Vya kiada serikali huleta. Hivi ni vya kusoma kwa raha, gredi ya nne hadi ya tisa.

Mzazi mmoja ana dada yake Atlanta. Huyo dada amejitolea kusafirisha bure vitabu vya watoto kuhusu historia ya watu weusi na visa vyao vya ujasiri, mradi sisi tulipe bei ya vitabu vyenyewe. Alituma picha kwa simu: Harriet Tubman, mtumwa aliyetoroka akarudi kutorosha wengine, Matthew Henson, aliyekuwa na msafiri Peary kwenye safari ya 1909 ya kutafuta Ncha ya Kaskazini, Bessie Coleman, aliyekwenda hadi Ufaransa kupata leseni ya urubani mwaka 1921 kwa kuwa kwao Marekani shule za marubani zilimkataa. Karatasi nzuri, picha za rangi. Kimoja ni kama shilingi 1,800. Ni vitabu 33, tukibaki na nauli ya boda.

Hapo mzee mmoja akasimama akauliza, "Na Luanda Magere, shujaa wa hadithi zetu Wajaluo, yuko wapi kwenye hiyo orodha?" Mkutano ukafia hapo. Tulitupiana maneno mpaka mlinzi akaja kutikisa funguo za geti.

Msimamo wangu nautoa mapema nisije nikaitwa kinyonga: mimi niko upande wa Atlanta. Binti yangu aliazimwa kimoja, akakimaliza usiku mmoja chini ya blanketi kwa tochi ya simu. Sijamwona akifanya hivyo kwa kitabu cha hapa. Nipingeni.

Muuza Mtumba

Mama, mimi nauza vitabu, vipya na vya mtumba, kwa hiyo nitaongea pesa. Kitabu cha hadithi kilichochapwa Kenya nakuuzia shilingi 400 hivi. Pesa yenu inatoa vitabu 150. Watoto wangapi wako hapo? Vitabu 33 vitagombaniwa kama mpira wa karatasi. Na msinilaumu mimi kwa bei. Tangu sheria ya 2013 vitabu vinatozwa kodi ya VAT ya 16%, kama sabuni.

Lakini sitawadanganya. Mkija kesho mkaniambia nitoe vitabu vya visa vya mashujaa wa huku, vilivyoandikwa mtoto avifurahie, sitajaza mikono miwili. Mchapishaji anachapa kinachonunuliwa kwa wingi, na kinachonunuliwa kwa wingi ni kile chenye muhuri wa KICD, taasisi ya mitaala. Kitabu cha kusoma kwa raha tu hakina mnunuzi.

Baba Pacha

Mimi nauliza moja tu. Gredi ya nne ni miaka tisa, kumi. Minyororo na mijeledi ya nini kabla ya kulala?

Mwalimu wa Kondele

Baba Pacha, bibi yako hakukusimulia Apul Apul, zimwi linalomeza watu wazimawazima? Na ulilala.

Nilijaribu darasani, gredi ya sita, bila kitabu, kwa mdomo tu. Niliwapa Robert Smalls. Mei 1862, Marekani inapigana yenyewe kwa yenyewe juu ya utumwa, bandari ya Charleston, upande wa wenye watumwa, kijana wa miaka 23, mtumwa anayeendesha meli ya jeshi iitwayo Planter. Usiku maofisa wazungu wanashuka kwenda kulala mjini. Smalls anavaa kofia ya nahodha, anapitia mahali kumchukua mkewe na watoto, kisha anaipitisha meli mbele ya mizinga ya ngome akipiga king'ora kile kile ambacho nahodha hupiga. Kukipambazuka ameshafika kwa meli za upande wa pili, bendera nyeupe juu.

Kimya kile sijawahi kukipata nikifundisha sehemu za kumi. Mmoja akauliza kama meli ilikuwa kubwa kama MV Uhuru iliyoko gatini. Halafu kijana wa dawati la nyuma, asiyeongeaga, akauliza: "Mwalimu, kwani hao watu waliuzwa na nani?"

Nikakwama. Hapo ndipo nilipoona kasoro ya kuagiza kila kitu. Mtoto atajua Charleston na asijue kwamba soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, kwamba Frere Town ya Mombasa ilianzishwa 1875 kwa ajili ya waliokombolewa, na kwamba utumwa kwenye pwani yetu ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1907, wakati treni imeshaingia Kisumu miaka sita. Wote wanadhani ni habari za sinema.

Mzee wa Kano

Mzee aliyesimama mkutanoni alinisemea, ingawa si mimi.

Sisi tulilala siwindhe, nyumbani kwa bibi, na moto ukianza kufifia ndipo Magere alipokuwa akiingia. Mwili wa jiwe. Mikuki ya Wanandi inamgonga inaruka. Wakamwoza binti yao. Siku moja mume akaugua, akamwambia mke amchanje dawa kwenye kivuli, asiuguse mwili. Mke akachanja, na kivuli kikatoka damu. Usiku huo huo akarudi kwao na siri. Vita vilivyofuata mkuki ukachomwa kivulini na shujaa akageuka jiwe. Jiwe liko Kano mpaka leo, na wawindaji walikuwa wakinolea mikuki hapo.

Sasa niambieni huyo Tubman amemzidi nini. Rangi za picha tu.

Mama Kibuye

Mzee, kwa heshima: Tubman alikuwepo. Alitoroka Maryland mwaka 1849, na angekaa Philadelphia akala maisha yake. Akarudi. Mara 13 hivi, akatoa watu wapatao 70. Binti yangu alinisimulia akiosha vyombo kwamba mama yule alipenda kutorosha watu Jumamosi usiku, kwa sababu Jumapili magazeti hayachapwi, na tangazo la "mtumwa ametoroka" lingetoka Jumatatu wakiwa mbali. Hiyo ndiyo inayomshika mtoto: akili ya mtu wa kawaida, asiye na mwili wa jiwe. Magere namheshimu, ila binti yangu hawezi kuwa Magere.

Mama wa Kapsabet, mpangaji Kisumu

Nimesoma mpaka hapa nikasema nisinyamaze.

Mimi ni Mnandi, naishi Kisumu mwaka wa saba. Mwaka jana kijana wangu alirudi nyumbani kimya. Walikuwa wamesimuliwa Magere darasani, na kwenye mapumziko wenzake wakampa jina "shemeji", wakimwambia asikaribie kivuli cha mtu. Ni utani, najua. Lakini mwaka 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa na miaka kumi na minne, na niliona utani wa majirani unavyoweza kugeuka.

Nikiwa mkweli, Tubman ananipumzisha. Mwenye mjeledi yuko mbali na hana jina la ukoo ambalo mwanangu atakaa nalo dawati moja. Kama mnataka wa huku, kwetu kuna Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyewapinga Waingereza. Aliitwa kwenye mazungumzo ya amani mwaka 1905, ofisa Mwingereza, Meinertzhagen, akampiga risasi. Hiyo Mjaluo na Mnandi wanaweza kuisoma pamoja. Mbona haimo kabatini?

Mkutubi Mstaafu

Mama wa Kapsabet amegusa kidonda chenyewe, na naomba tusikipite haraka.

Nilifanya kazi ya maktaba miaka mingi, Nakuru na baadaye huku. Watu husema mashujaa wetu hawaandikwi kwa sababu hakuna pesa. Pesa ni kweli. Lakini sababu nyingine hatuitaji: wa kwetu wanatugombanisha. Chukua Chetambe, pale Webuye, mwaka 1895. Wabukusu wamejifungia ndani ya boma la udongo na handaki, Hobley, mtawala wa Kiingereza, anakuja na bunduki. Kisa kizuri kuliko sinema. Ila pamoja na askari wa Kisudani, waliokwenda na Hobley ni pamoja na wapiganaji wa Wanga, watu wa Nabongo Mumia. Haya, andika kitabu kimoja kisomwe Bungoma kwa Wabukusu na Mumias kwa Wawanga. Mumia ni mfalme mwenye busara aliyewavusha watu wake, au ni msaliti? Mwandishi anakuna kichwa, anaamua kuandika juu ya sungura na fisi.

Kwa hiyo Mama Kibuye, hao wa Atlanta ni wepesi kwetu kwa sababu ugomvi wao hatuudai. Hilo si kosa lao, na vitabu hivyo leteni. Msidhani tu kwamba vimeziba pengo.

Na kuna wa katikati ambao hamjawataja. Sidi Mubarak Bombay, Myao, alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Zanzibar. Mwaka 1858 msafiri Mwingereza Speke alipoliona ziwa hili letu kwa mara ya kwanza, upande wa Mwanza, Bombay alikuwa naye. Baadaye alitembea na Mwingereza mwingine, Cameron, hadi ufuko wa Atlantiki, na 1876 chama cha wanajiografia wa London kikampa medali. Mtumwa, msafiri, mtu wa ziwa. Hakuna kabila la hapa litakaloudhika. Mngetafuta kisa cha kusisimua kuliko hicho wapi?

Muuza Mtumba

Mkutubi, kiko wapi hicho kitabu cha Bombay niagize?

Mkutubi Mstaafu

Cha mtoto, kwa Kiswahili chepesi, sijakishika mkononi. Lakini maisha ya mtu hayana hakimiliki. Huwezi kutafsiri kitabu cha Marekani bila ruhusa ya mwenyewe, ila Tubman, Smalls na Bombay mtu yeyote anaweza kuwaandika upya kwa maneno yake. Mwandishi Asenath Bole Odaga hakungoja Nairobi. Mwaka 1982 alianzisha Lake Publishers papa hapa Kisumu, akawachapia watu vitabu kwa Kiingereza na Dholuo.

Baba Pacha

Bado nasema mijeledi ingoje gredi ya sita. Lakini huyo wa kofia ya nahodha, mapacha wangu wamenishika niwasimulie tena.

Mama Kibuye

Nimelala na maneno ya Mama wa Kapsabet. Jumamosi nilifikiri tunabishana juu ya karatasi nzuri na mbovu.

Nitakachopeleka kwa kamati ni hiki: vitabu 15 vya Atlanta, shilingi 27,000, Smalls awemo kama kipo, na vyenye mijeledi vikae rafu ya juu kama Baba Pacha anavyotaka. Shilingi 20,000 kwa Muuza Mtumba, achague vya hapa, nami nitapitia kila kimoja kabla ya kulipa (nakujua, ndugu yangu). Zinabaki 13,000. Hizo nataka ziwe za karatasi, kuchapa na kubana. Mkutubi atuandikie Bombay kurasa 20. Na Magere asimuliwe na watu wawili, mbele ya watoto, kila mmoja upande wake, gredi ya nane waandike wanachosikia. Mzee wa Kano, utakuja?

Mwalimu wa Kondele

Darasa natoa mimi. Saa tatu asubuhi.

Mzee wa Kano

Nitakuja. Lakini yule mke simbadilishi. Alikuwa jasusi.

Mama wa Kapsabet, mpangaji Kisumu

Kwetu jasusi huyo ndiye shujaa wa hadithi, mzee wangu. Tuonane saa tatu. Nitabeba mursik, maziwa yetu ya mala, wewe lete samaki.