Bibi harusi wa leo anauliza maswali mapya: duka la magauni ya harusi libadilike kwa kiasi gani?

Swali, kutoka kwa Mwenye Duka

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi na dada yangu tunaendesha duka la magauni ya harusi, na tumeifanya kazi hii kwa muda mrefu kiasi kwamba tulizoea kujua mteja anataka nini kabla hajamaliza kueleza. Ujuzi huo sasa hautusaidii kama zamani. Bibi harusi alikuwa akija na mama yake au shangazi yake, akajaribu magauni matano au sita, akachagua, akatoa malipo ya awali, akapimwa, kisha akasubiri kwa miezi kadhaa. Maswali yake makubwa yalikuwa mawili: gauni litafika lini, na litanikaa vipi? Siku hizi anauliza kitambaa kimetengenezwa kwa nini, nani alilishona na katika mazingira gani, kama mikono inaweza kuondolewa ili alivae tena katika shughuli nyingine, kama tunakodisha, na kama tutakuwa tayari kulinunua kutoka kwake baada ya harusi. Mwezi uliopita mteja mmoja alilipenda gauni, likamkaa vizuri, kisha akaliacha kwa sababu sikuweza kumwambia lilishonwa wapi. Nililipata kupitia kwa wakala na sikuwahi kumuuliza. Jambo hilo limenisumbua kuliko mauzo tuliyoyakosa.

Dada yangu anaamini kwamba huu ni upepo na utapita, kwa kuwa hamu ya gauni jeupe, jipya, la mtu mmoja, imekuwapo siku zote. Mimi naona watu wameanza kuipima thamani ya nguo kwa mizani nyingine, na duka letu limejengwa juu ya kuuza mara moja na kuagana na mteja. Naomba maoni ya mafundi, wafanyabiashara na waliofunga ndoa karibuni: je, tuubadilishe mfumo wote, au tutenge sehemu ndogo ya magauni ya kukodi na kuendelea kama kawaida?

Jibu, kutoka kwa Fundi wa Mishono

Ndugu Mwenye Duka, nimeshona na kurekebisha magauni ya harusi kwa zaidi ya miaka ishirini, na ningekuomba, kabla ya kufikiria mfumo wa biashara, uyageuze magauni yako ndani nje na kuyatazama. Utaona kwamba mengi yalishonwa ili yavaliwe siku moja tu. Kitambaa kilichoachwa kwenye mishono ya ubavuni hakizidi sentimita moja, kingo zimekatwa na kupitishwa oveloki (mashine ya kuzungushia uzi ukingoni ili kitambaa kisifumuke), shanga zimeshonwa juu ya mshono wenyewe au zimebandikwa kwa gundi, na bitana imeunganishwa na kila kitu. Gauni la namna hiyo naweza kulipunguza, lakini kuliongeza siwezi, kwa sababu hakuna cha kufungua. Kwa hiyo mteja anapokuuliza kama litavaliwa tena, jibu limekwisha kuandikwa na aliyelikata, na wewe muuzaji huna namna ya kulibadilisha kwa maneno.

Gauni linalokusudiwa kuvaliwa na zaidi ya mtu mmoja hukatwa kwa fikra nyingine. Mimi huacha sentimita tatu kila ubavu, naweka kamba za kufunga mgongoni badala ya zipu pale mtindo unaporuhusu, nashona sketi na sehemu ya juu kwa namna ambayo zinaweza kutenganishwa, na shanga za karibu na mshono nazishona mwisho, kwa uzi wake, ili ziweze kutolewa na kurudishwa. Hii ni kazi ya saa nyingi zaidi na inaongeza gharama mwanzoni. Hata hivyo, ndiyo inayoliwezesha gauni kupita kwa wavaaji kadhaa bila kuharibika.

Wala si maarifa mapya. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwaka 1840 alivaa gauni la satini nyeupe lenye lesi ya Honiton, mji wa Uingereza, na lesi hiyo aliendelea kuitumia katika mavazi mengine kwa miaka mingi. Anaonekana ameivaa hata katika picha iliyotumika rasmi kwa jubilei yake ya mwaka 1897. Mwaka 2020 Binti Mfalme Beatrice alifunga ndoa akiwa amevaa gauni la bibi yake, Malkia Elizabeth, lililobuniwa na Norman Hartnell, ambalo mafundi walilirekebisha na kuliongezea mikono mifupi. Kila ninapozitazama picha za gauni lile, ninachokiona kwanza ni heshima ya fundi kwa kazi ya fundi mwenzake aliyemtangulia.

Neno moja kuhusu kitambaa. Satini ni jina la namna ya ufumaji. Halikuambii uzi umetokana na nini. Satini yaweza kuwa ya hariri au ya poliesta, na mteja ana haki ya kuambiwa ni ipi. Poliesta hutokana na mafuta ya petroli na haiozi kwa urahisi, kwa hiyo wengine huikataa. Hariri nayo kwa kawaida hupatikana kwa kuchemsha vifukofuko vikiwa na viwavi ndani, na wapo wanaoikataa kwa sababu hiyo. Kwa gauni la kukodisha, ambalo litapitia kwa dobi mara nyingi, mimi ningechagua poliesta nzuri kuliko hariri inayoshika madoa ya maji na jasho, kwa kuwa nguo inayovaliwa na wengi kwa muda mrefu inafidia sehemu ya madhara ya kutengenezwa kwake. Wenzangu wengi hawakubaliani nami katika hili.

Jibu, kutoka kwa Mpenda Historia ya Mavazi

Naomba nimjibu dada wa Mwenye Duka kwa heshima. Hamu ya gauni jeupe la kuvaliwa siku moja haikuwapo siku zote. Kabla ya harusi ya Victoria, na hata miongo mingi baada yake, wanawake wengi wa Ulaya na Marekani waliolewa wakiwa wamevaa nguo yao nzuri kuliko zote, ya rangi yoyote, na wakaendelea kuivaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mgao wa nguo ulipoanza Uingereza mwaka 1941, mabibi harusi waliazimana magauni, na wengine walishonewa kwa vitambaa vya miavuli ya askari wa angani. Nani atasema harusi zile zilipungukiwa na furaha?

Kuhusu hali ya sasa, uangalie yaliyozipata kampuni kubwa. Alfred Angelo ya Marekani ilifunga maduka yake ghafla mwezi Julai 2017, na wanawake waliokwisha kulipa wakabaki bila kujua magauni yao yako wapi. David's Bridal, nayo ya Marekani, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2018, na tena mwaka 2023. Madeni yalikuwa sababu kubwa, na sitaki kuyabebesha maadili ya wateja mzigo usio wao. Lakini katika maelezo ya kampuni hiyo mahakamani mwaka 2023, ilitajwa wazi kwamba mabibi harusi wengi zaidi wanachagua mavazi yasiyo ya kawaida ya harusi, yakiwemo magauni yaliyokwisha kuvaliwa.

Watu mashuhuri nao wameiondolea aibu tabia hii: mwaka 2021 Carrie Johnson aliolewa na waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo akiwa amevaa gauni la kukodi.

Jibu, kutoka kwa Msambazaji

Nakubaliana na mengi yaliyosemwa, ila nisingependa Mwenye Duka aingie katika ukodishaji akidhani ni kazi nyepesi. Harusi nyingi huangukia siku zilezile za wiki na miezi ileile ya mwaka. Gauni likitoka Ijumaa na kurudi Jumatatu, likasafishwa, likakaguliwa na kurudishiwa shanga zilizodondoka, wiki imekwisha. Kwa hiyo katika msimu wenye shughuli nyingi gauni moja linahudumia harusi moja kwa wiki, nawe unahitaji mtindo mmoja katika vipimo kadhaa. Msihesabu mapato ya kukodisha bila kuhesabu dobi, fundi na mkataba ulioandikwa vizuri kuhusu uharibifu. Kuna jambo jingine: gauni linaloshonwa kwa oda ya mtu aliyekwisha kulipa haliachi mabaki mengi dukani. Kinachobaki ni sampuli za kujaribia na oda zilizovunjika, na hizo ndizo ningeanza nazo kabla ya kununua hata gauni moja jipya la kukodisha.

Ama kuhusu mahali pa kushonwa, sehemu kubwa ya magauni ya harusi yanayouzwa duniani hutoka China, na miji kama Suzhou na Chaozhou inajulikana kwa kazi hiyo. Kutoka huko si dosari, maana kuna mafundi hodari sana. Dosari ni kutojua. Mwandikie wakala wako, umtake jina la kiwanda na maelezo ya nyuzi za kila kitambaa, pamoja na bitana. Asipotaka kukupa, hilo nalo ni jibu.

Jibu, kutoka kwa Niliyeolewa Mwaka Jana

Dada yangu, mengi yamesemwa kuhusu kitambaa, nami naomba tuuzungumzie mwili. Katika duka moja nililokwenda, sampuli zote zilikuwa za wanawake wembamba. Gauni halikunipita mabegani, hivyo muuzaji akalishikilia mbele ya kifua changu na kuniambia nijaribu kuwazia. Nilitoka nikilia. Baadaye nikafahamu kwamba vipimo vya magauni ya harusi huwa vidogo kuliko vya nguo za kila siku, kwa hiyo hata mwanamke anayejua saizi yake hutajiwa namba kubwa zaidi na kudhani kosa ni lake. Muuzaji angeweza kulieleza hilo kwa sentensi moja, kabla hata sijavua viatu. Mkinunua sampuli tano, mbili ziwe za wanawake wanene. Kwangu mimi hilo lingekuwa na uzito kuliko kibao chochote cha kutangaza kwamba duka linajali mazingira.

Na anayekodi kwa sababu hana fedha nyingi apokelewe sawasawa na anayekodi kwa sababu ya imani yake kuhusu taka. Mimi nilikodi kwa sababu zote mbili, na sikutaka kuulizwa ipi ilikuwa nzito.

Mwenye Duka anarejea

Nawashukuru sana. Jana, baada ya kufunga duka, tuligeuza magauni kumi na manne ndani nje kama fundi alivyoshauri. Tisa hayana kitambaa cha ziada ubavuni, na katika matatu tumekuta gundi ambayo hatukuwa na habari nayo. Dada yangu alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba hatutaagiza tena mtindo wowote kabla ya kuona ndani yake. Tumeamua kuanza na sampuli: zile zinazoweza kufunguliwa tutazipeleka kwa fundi ziongezwe kamba mgongoni na ziingie katika kukodishwa, na fedha tuliyotenga kwa oda mpya itanunua sampuli za saizi kubwa kwanza. Wakala tumemwandikia, naye bado hajajibu.

Fundi, nina swali moja kwako: kwa gauni ambalo sehemu yake yote ya juu ni lesi, zile sentimita tatu za ubavuni unazifichaje zisionekane kwa nje?