Uzamili wa uchumi wa maendeleo ya kimataifa: kozi za kuchagua zifuate mbinu au mada?

Mwanazuo (mleta mada)
Habari zenu wanajukwaa. Ninaingia muhula wa pili wa shahada ya uzamili katika uchumi wa maendeleo ya kimataifa. Baada ya kozi za lazima za nadharia na ekonometriki (matumizi ya takwimu katika uchumi), natakiwa kuchagua mbili tu kati ya hizi: tathmini ya athari za miradi, biashara ya kimataifa, fedha za umma na deni la taifa, uchumi wa kilimo, na uchumi wa siasa za maendeleo. Nakusudia kufanya kazi ya uchambuzi wa sera, ama serikalini au katika taasisi za kimataifa, na sijaamua kama nitaendelea na uzamivu. Wenzangu wengi wanakimbilia tathmini ya athari kwa sababu inasemekana ndiyo yenye soko. Je, hoja hiyo inatosha?

Nasibu
Ichukue, lakini si kwa sababu ya soko. Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019, waliyopewa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer, iliwafanya wengi waidhanie kozi hii kuwa ya majaribio ya nasibu peke yake (yale ambayo bahati ndiyo huamua nani apate mradi na nani asipate), ilhali faida yake kubwa ni kukuzoesha kuuliza swali moja gumu: wanufaika wangekuwa katika hali gani endapo mradi usingekuwapo? Mfano usiokosekana madarasani ni Progresa, mpango wa Mexico wa kuzipa kaya maskini ruzuku ya fedha, ambapo vijiji 506 viligawanywa kwa kura ya bahati nasibu, 320 vikaanza kupokea ruzuku mwaka 1998 na 186 vikasubiri hadi mwishoni mwa 1999. Ukizifanyia kazi data zake mwenyewe utaona uzito wa jambo ambalo vitabu hulipitia haraka: kura ilipigwa kwa vijiji, si kwa kaya, kwa hiyo ukikokotoa kosa sanifu (kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba) kana kwamba kila kaya ilipigiwa kura yake, matokeo yataonekana kuwa na uhakika ambao hayana. Mchambuzi anayeweza kuligundua kosa hilo katika ripoti ya mtu mwingine ana thamani hata kama hatasimamia jaribio lolote maishani mwake.

Hazina
Swali la Nasibu ni zuri, ila mengi anayoulizwa mchambuzi wa wizara hayana kundi la kulinganisha. Hakuna anayeamua kwa bahati nasibu nchi ipi ikope na ipi isikope. Zambia iliposhindwa kulipa hatifungani zake za kigeni mwezi Novemba 2020, maswali yaliyofuata yalikuwa ya aina nyingine kabisa: nani anadai kiasi gani, kwa sarafu ipi, na nani akubali hasara.

Katika kozi ya deni niliyosoma, zoezi la kwanza lilikuwa hesabu fupi. Deni ni asilimia 60 ya pato la taifa, riba ni asilimia 8, na pato linakua kwa asilimia 5, bila kuondoa mfumuko wa bei. Ili uwiano wa deni usipande, bajeti inahitaji ziada, kabla ya kulipa riba, ya takriban asilimia 1.7 ya pato la taifa. Ukuaji ukishuka hadi asilimia 3, ziada hiyo inapaswa kufikia karibu asilimia 2.9. Tangu hapo, nikisoma kwamba deni la nchi fulani ni himilivu, yaani nchi inaweza kulimudu, kwanza natafuta makadirio ya ukuaji yaliyotumika, na mara nyingi hadithi yote imo humo.

Mwanazuo
Nawashukuru nyote. Naongeza kwamba tasnifu yangu itahusu ruzuku ya mbolea, kwa kutumia data za utafiti uliofuatilia kaya zilezile kwa miaka kadhaa. Je, hilo linaipa kozi ya kilimo nafasi?

Kalamu
Linaipa nafasi kubwa, kwa maoni yangu kuliko tathmini ya athari. Kaya ya mkulima huzalisha na kula zao lilelile. Bei ya mahindi ikipanda, yenye ziada ya kuuza inanufaika na inayolazimika kununua inaumia, ingawa katika dodoso zote mbili zimeandikwa kuwa za wakulima. Kozi ya kilimo ndiyo itakayokupa modeli ya kaya ya namna hiyo, na ndiyo itakayokueleza jinsi mbolea ya ruzuku inavyoweza kuchukua tu nafasi ya ile ambayo mkulima angeinunua dukani kwa bei kamili, jambo ambalo bila shaka mtahini wako ataliuliza.

Mbinu za data za aina yako huenda ulishazigusa katika ekonometriki ya lazima. Linganisha muhtasari wa kozi hiyo na ule wa tathmini ya athari kabla ya kujiandikisha. Ukikuta sehemu kubwa ni marudio, chagua kilimo na deni, maana ruzuku hulipwa na bajeti ileile anayoizungumzia Hazina. Biashara ya kimataifa unaweza kuisoma mwenyewe. Uchumi wa siasa hutegemea mno mwalimu, kwa hiyo waulize waliokutangulia. Ulizia pia kama chuo kinaruhusu kuhudhuria kozi ya tatu bila kufanya mtihani, kwa kuwa katika tathmini ya athari utakachohitaji zaidi ni mazoezi ya kompyuta, si alama.