Kuiga sauti za mastaa au stendapu ya stori zako mwenyewe, kipi kinakufikisha mbali?

mpaza_sauti
Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo ya wenye uzoefu maana hili jambo linaninyima usingizi kweli. Mimi nimejaliwa kuiga sauti, tangu utotoni nikimsikia mtu redioni siku mbili tatu nishamshika, na sasa hivi nina sauti tisa ambazo nikipanda jukwaani watu wanamtambua mhusika kabla sijamtaja. Shida inaanzia hapohapo. Sekunde thelathini za kwanza ukumbi unalipuka, makofi, miluzi, halafu nikiendelea na sauti ileile kicheko kinashuka, nabadilisha sauti kinapanda, kinashuka tena, mpaka dakika ya saba sauti zote zimeisha na sina cha kusema. Mwenzangu tulioanza pamoja hana sauti hata moja, yeye anaandika stori za maisha yake, mwaka wa kwanza alikuwa anapanda watu wametulia tuli lakini sasa anakaa dakika ishirini na hawataki ashuke. Kwa hiyo nalinganisha njia tatu: nibaki na sauti nitengeneze klipu za mtandaoni, niziache nianze upya na stori zangu, au nichanganye. Nyie mngechagua ipi?

bibi_kicheko
Baki na sauti. Wanaosimulia stori wako wengi mno, wanaoweza sauti ni wa kuhesabu. Klipu ya sekunde arobaini watu wanarushiana kwenye magrupu hata kama hawakujui, ila stori yako ya dakika nane nani ataisikiliza kama hana habari na wewe? Jina kwanza, mengine baadaye.

komba_wa_usiku
Bibi hapo kwenye "mengine baadaye" ndo watu wanapopotelea. Kuna Mmarekani aliitwa Vaughn Meader, alikuwa anamwiga Rais Kennedy. Mwaka 1962 ikatoka albamu yake ya vichekesho kuhusu familia ya Kennedy, ikauza mamilioni ya nakala na ikachukua Grammy ya albamu bora ya mwaka, yani vichekesho vimewashinda wanamuziki. Tarehe 22 Novemba 1963 Kennedy akapigwa risasi Dallas. Albamu ikaondolewa madukani, shoo zikafutwa, na yule bwana hakurudi tena pale alipokuwa mpaka anafariki 2004. Hakukosea kitu jukwaani. Ni kwamba mtaji wake wote ulikuwa kwenye koo la mtu mwingine. Na wala si lazima mtu afe, akitoka madarakani tu au vijana wakiwa hawamjui basi ile sauti imekwisha kazi.

bibi_kicheko
Nimekuelewa, ila Meader alibeba mtu mmoja, huyu ana tisa. Na Jamie Foxx, yule mwigizaji wa Marekani, je? Alitoka kwenye stendapu ileile ya kuiga watu, hakuziacha sauti, na 2005 akachukua Oscar kwa kumwigiza mwanamuziki Ray Charles kwenye sinema.

fundi_maiki
Mdogo wangu mpaza_sauti, nimepanga shoo za chipukizi miaka sita, zile unapewa dakika tano na taa ikiwaka unashuka, kwa hiyo hali yako nimeiona kwa watu wengi sana. Wenzangu hapo juu wanabishana sauti au stori, mimi naona tatizo lako liko kwingine. Makofi ya kutambua na kicheko ni vitu viwili tofauti. Ukimtoa mtu maarufu kwenye koo lako watu wanafurahia ufundi, "ni yeye kabisa!", na furaha hiyo inaisha haraka maana ni jambo moja tu umewaambia. Baada ya hapo wanataka kujua huyo mtu ana nini. Mpe shida. Mtoe kwenye jukwaa lake la kawaida, mweke mahali ambapo umaarufu haumsaidii, kwenye foleni ndefu, au anabembeleza mtoto ambaye hataki kulala, halafu abaki na hulka yake ileile. Sasa kinachochekesha ni hulka inagongana na hali, sauti inakuwa nguo tu aliyovaa.

Jambo la pili, wengi wanaanzia kooni. Anzia kwenye pumzi. Anavuta hewa wapi, sentensi anaikatia wapi, neno gani analirudia akikwama, taya imebana au imelegea, mabega yako wapi. Sikiliza mahojiano asiyokuwa amejiandaa, siyo hotuba, na usijifunze kwa mwigaji mwingine maana utabeba na makosa yake. Jirekodi, usisikilize siku hiyo, sikiliza kesho yake.

Mchekeshaji wa sinema Jim Carrey naye alianza kwa kuiga mastaa na zilikuwa zinamlipa, akaziacha makusudi akaanza upya, na haikuwa rahisi kabisa. Foxx hakuziacha. Wote wawili walifika, kwa hiyo mimi siwezi kukwambia njia moja ndo sahihi, ila angalia kitu kimoja, wote walijua kukaa ndani ya mtu. Hawakuishia kwenye sauti.

wakili_pembeni
Kuhusu klipu niongeze moja. Utani jukwaani ni kitu kimoja na tangazo la biashara ni kitu kingine. Kampuni ya magari ya Ford walimtaka mwimbaji Bette Midler aimbe kwenye tangazo lao akakataa, wakamchukua aliyewahi kumwitikia kwenye nyimbo zake akaambiwa aige sauti yake. Midler akashtaki, na 1988 mahakama ya rufani Marekani ikasema sauti ya msanii maarufu huwezi kuiiga ili uuzie bidhaa bila ridhaa yake, baadaye akalipwa dola 400,000. Sheria za nchi hazifanani, ila kampuni ikikwambia "tufanyie tangazo kwa sauti ya fulani" uliza kwanza kabla hujasaini.

sauti_salama
Na koo jamani. Zile sauti za mkwaruzo zinachosha nyuzi za sauti, ukizilazimisha kila siku unaweza kuota vinundu. Pasha koo kabla ya shoo, maji ya kutosha, na ukikauka sauti nyamaza kabisa, kunong'ona nako hakupumzishi.

mpaza_sauti
Asanteni sana wakuu. Jana nimepanda na nimejaribu ile ya fundi_maiki. Niliacha sauti nane nyumbani nikabaki na moja tu, ya mtangazaji wa redio ambaye ndiye wa kwanza kumwiga maishani, nikasimulia nilivyomjulia. Babu yangu alikuwa anabishana na redio. Taarifa ya habari ikisomwa yeye anajibu, anauliza maswali, anakasirika asipojibiwa. Mimi mtoto nikawa najificha nyuma ya kabati namjibu kwa sauti ya mtangazaji. Basi nikawafanya wote wawili jukwaani, babu na mtangazaji, dakika sita nzima. Na kilichonishangaza ni hiki, mtangazaji alipigiwa makofi kama kawaida, ila aliyechekesha mpaka watu wakashika mbavu ni babu, ambaye hakuna hata mmoja pale ukumbini aliyewahi kumsikia.

bibi_kicheko
Hapo nimenyoosha mikono. Ila irekodi uiweke mtandaoni leo leo!

fundi_maiki
Usiirushe bado. Klipu za sauti tupu weka hata kila wiki zikutafutie watu, ila hiyo ya babu ipeleke jukwaani mara ishirini kwanza, kila ukishuka andika walichekea wapi na wapi walinyamaza. Ikishaenea mtandaoni watakaokuja ukumbini wanakuja wanajua mwisho. Halafu nijibu hili, babu alipogundua ni wewe nyuma ya kabati alisemaje?

mpaza_sauti
Hakugundua mkuu. Au kama alijua hakuwahi kusema, na jioni iliyofuata akaniomba nikae karibu na kabati.

fundi_maiki
Hiyo ndo dakika ya saba.