Tezi ya shingo imepasuka, kidonda hakikauki: ni TB ya ngozi?

Tabibu_Zahanati: Wakuu, mgonjwa miaka 24, kilo 47. Uvimbe shingoni miezi 4, sasa umepasuka, unatoa majimaji, maumivu kidogo tu. Dozi mbili za antibayotiki, wapi! Kipimo cha makohozi hakikuonyesha TB. Nipasue nisafishe?

Maabara_Kanda: Usipasue, utaacha tundu lisiloziba. Angalia kingo: zikiwa za zambarau na ngozi imeachia kiasi kwamba kijiti cha pamba kinapenya chini yake, shuku skrofuloderma, yaani TB ya tezi iliyopenya hadi kwenye ngozi. Makohozi safi hayaifuti. Nyonya usaha kwa sindano ukipitia ngozi ya pembeni isiyo na kidonda. Ukikata kinyama cha ukingoni, kigawe: nusu kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi) kwa histolojia, yaani kuangalia kinyama kwa hadubini, nusu kwenye salaini (maji ya chumvi) kwa GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya TB na usugu wa rifampisini, na kuotesha bakteria. Wengi hutumbukiza chote kwenye formalini, bakteria wanakufa, kisha wanalaumu maabara.

Muuguzi_TB: TB ikithibitika na bakteria hawana usugu kwa rifampisini: RHZE (rifampisini, isoniazidi, pairazinamidi, ethambutoli) miezi 2, kisha RH (rifampisini na isoniazidi) miezi 4. Kwa kilo 47 ni vidonge 3 vya mseto kila siku, na pairidoksini (vitamini B6). Pima VVU. Akiwa anatumia dolutegravir (dawa ya VVU), 50 mg inakuwa mara mbili kwa siku, maana rifampisini huipunguza mwilini.

Tabibu_Zahanati: Na tezi ikivimba tena katikati ya dawa?

Muuguzi_TB: Hutokea hata dawa zikifanya kazi. Hakikisha anameza kweli, rudia kipimo cha usugu ukiwa na shaka, dozi isikatwe. Kidonda osha kwa salaini, funika kwa gozi (kitambaa cha kufungia kidonda). Unga wa antibayotiki usimwage.