Msumeno wa meza: niagize ule unaosimama ukigusa kidole?

RandaYaKeko: Wakuu, habari za kazi. Nina karakana ndogo hapa Keko. Msumeno wetu wa meza ni wa kuundwa kwa kuchomelea vyuma: mota, mkanda, bledi ya inchi 12, basi. Juzi ubao wa mninga ulibana bledi ukarudi kama jiwe la manati, ukampiga kijana wangu tumboni. Sijalala vizuri tangu hapo. Nimeona video ya msumeno wa Marekani unaosimama ukigusa soseji. Nijichange niagize?

BlediButu: Pole mkuu. Huo ni SawStop, aliubuni Steve Gass mwaka 1999. Bledi hupitishiwa umeme mdogo sana. Ngozi ikigusa, mashine inahisi umeme umebadilika, kipande cha alumini kinajikita kwenye meno, bledi inasimama ndani ya milisekunde 5 hivi na kuzama chini ya meza. Unabaki na mchubuko. Ila ukifyatuka mara moja, katriji (kasha la hiyo breki ya alumini) kwisha, na bledi mara nyingi nayo kwisha. Ubao mbichi nao unapitisha umeme, unaweza kuufyatua bure. Na mbao zetu hizi zinakauka lini?

MamaStuli: Kijana hakugusa bledi, kapigwa na ubao. Hiyo breki ingemsaidia nini? Anza na kisu cha nyuma ya bledi, yaani kibati kilichosimama kinachozuia ubao kujifunga na kuibana bledi ukishapasuliwa. Kiwe kinene kuliko mwili wa bledi, chembamba kuliko njia ya meno (upana wa mkato), kisikae mbali zaidi ya milimita 8 kutoka kwenye meno. Na kijiti cha kusukumia, cha mabaki tu.

KiparaFundi: Swichi yako je? Kama ni ya kawaida, umeme ukikatika na kurudi, bledi inaanza yenyewe. Mimi ulirudi nikiwa nafuta vumbi la mbao mezani. Tafuta inayojiachia umeme ukikatika, haiwaki mpaka uibonyeze upya.

Mgeni_Mwanza: Glovu je?

KiparaFundi: Thubutu! Meno yakinasa kitambaa yanavuta mkono mzima.

RandaYaKeko: Shukrani. Nimepima: mwili wa bledi milimita 2.2, njia ya meno 3.2. Jirani mchomeleaji ana bati la 2.5. Kesho mashine haiwashwi mpaka kisu kikae.

MamaStuli: Usikichomelee moja kwa moja, kaka. Toboa tundu refu, kaza kwa bolti. Ukibadilisha bledi utahitaji kukisogeza.