Kibanda cha kulala juu ya Hilux: sanduku la plaiwudi, paa la kunyanyuka au turubai la matao?

Mrina_Sikonge
Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu kabla sijakata hata bomba moja.

Nina Hilux singo kebini. Msimu wa asali nazunguka vijiji vya Sikonge na Urambo kununua kwa warina, nakaa porini siku 4 hadi 6. Mpaka sasa nalala kwenye kiti cha mbele na mgongo umechoka. Nataka nijitengenezee pa kulala juu ya bodi, na msimu ukiisha nimpeleke mke wangu na mtoto Mikumi tukapige kambi.

Bodi ina urefu wa mita 2.3, upana 1.5, na ubavu wake una kina cha sentimita 48. Mzigo ni ndoo za lita 20, safari nzuri hufika ndoo 30. Kadi ya gari inaniruhusu takriban tani 1, na humo tumo mimi na msaidizi wangu.

Nimefikiria njia tatu:
1. Sanduku zima la plaiwudi, refu, lenye mlango.
2. Sanduku fupi lenye paa linalonyanyuka, kuta za juu zikiwa za turubai.
3. Matao ya bomba na turubai juu yake, kama lori la mazao.

Kuchomelea najua. Kushona najua kwa cherehani ya mguu ya mke wangu, ile ya Butterfly, lakini turubai sijawahi. Ipi mngeichagua, na kwa nini?

Mchomeleaji_Kariobangi
Ndugu, anza na mizani, sio na umbo. Hilo ndilo linaua hizi kazi.

Plaiwudi ya mm 9, shiti moja ya futi 8 kwa 4, ni kama kilo 16. Ya mm 12 ni kama 21. Sanduku lako la kwanza likisimama mita 1.2 juu ya bodi linakula shiti nne na kipande. Hapo uko karibu kilo 70 za mbao tu. Fremu ya skwea paipu (bomba la pembe nne) ya mm 25 kwa 25, unene mm 1.5, ni kilo 1.1 kwa mita, na utatumia mita 40. Ongeza mlango, bawaba, rangi na kitanda. Uko kilo 150 na haujaweka godoro.

Asali nayo si maji. Lita moja ni karibu kilo 1.4, kwa hivyo ndoo ni kilo 28. Thelathini ni 840. Nyinyi wawili tuseme 140. Na sanduku, jumla ni 1,130. Umepita.

Paa la kunyanyuka ukilijenga kwa uangalifu ni kilo 90 hivi. Matao na turubai ni kilo 35. Kwa ndoo 30, hata hayo matao yanakufikisha 1,015. Kwa hivyo lolote utakalochagua, ama upunguze ndoo ziwe 25, ama ulifanye la kushuka siku ya mzigo mkubwa. Mimi ningefanya yote mawili, maana barabara za huko zina mashimo na springi haijui kusoma kadi.

Mrina_Sikonge
Asante sana mkuu. Sikuwa nimepiga hesabu ya asali kwa kilo, nilikuwa nahesabu ndoo. Namba 1 naifuta leo.

Fundi_Turubai_Arusha
Karibu, kaka. Mimi kazi yangu ni mahema ya kambi na mapaa ya magari ya watalii, kwa hiyo nitasema upande wa kitambaa.

Turubai la lori, lile la plastiki (PVC), halipitishi tone na ni rahisi kununua. Lakini halipumui. Watu wawili wakilala ndani yake usiku wa baridi, pumzi zao zinageuka maji upande wa ndani, na alfajiri blanketi limelowa bila mvua kunyesha. Ndoo za asali hazijali hilo, mtoto wako atajali. Kwa kubeba mzigo PVC haina mpinzani, kwa kulala ni mateso.

Kanvasi ya pamba tupu inapumua. Uzi wake ukipata maji unavimba na kuziba matundu, ndiyo maana hema la pamba jipya huvuja mara ya kwanza halafu linaacha. Unalimwagia maji, unaliacha likauke kabisa, unarudia mara mbili au tatu kabla ya safari. Ubaya wake: linanywea, ni zito likilowa, na ukilikunja bichi siku mbili tatu limeota kuvu. Madoa ya kuvu hayatoki.

Iliyochanganywa pamba na poliesta, ya gramu 350 hadi 400 kwa mita ya mraba, ndiyo ninayoshona zaidi. Inapumua, hainywei sana, na inavumilia kukunjwa kila siku. Kwako wewe ningeshona kuta kwa hiyo na paa liwe gumu. Maana yake namba 2.

Vipimo vyako: mzunguko wa kuta ni mita 7.6. Ukuta wa sentimita 90 kwenda juu unataka karibu mita za mraba 7, yaani chini ya kilo 3 za kitambaa. Nunua mita 9 za roli pana la mita 1.5. Ziada itakuokoa kwenye kona na kwenye vifuniko vya madirisha.

Binti_wa_Matanga
Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mimi ni wa Lamu, mjomba wangu hushona matanga ya majahazi na mimi nimekua nikimshikia kitambaa. Turubai la gari na tanga ni ndugu: vyote vinavutwa na upepo pembeni, na vyote huchanika kuanzia pembeni.

Mjomba haachi upindo mtupu. Hulaza kamba ndani ya upindo na kuishonea humo, ili mvuto uende kwenye kamba na kitambaa kipumzike. Kakangu, ukishona ukuta wako, upindo wa chini na wa juu utie kamba au mkanda imara kama wa mikanda ya gari. Bila hivyo, baada ya msimu mmoja kitambaa kitakuwa kimenyooka kwenye skrubu na kulegea katikati.

Mshono wa kuunganisha vipande uwe ule wa pembeni ya suruali ya jinzi: kingo mbili zinakumbatiana, mistari miwili ya uzi inapita juu. Mkunjo wa nje utazame chini, maji yateremke yasiingie ndani ya mkunjo.

Na uzi upakwe nta kabla ya kushona kwa mkono zile kona ambazo cherehani haifiki. Nta wewe unayo nyumbani kwako, sisi twainunua!

Mrina_Sikonge
Dada, nta ninayo nyingi kuliko uzi. Naweza kuipaka pia kwenye mishono yote kwa nje, izibe matundu ya sindano?

Mzinga_wa_Tabora
Ndugu yangu, usifanye hivyo! Sisi wafugaji tunapaka nta ndani ya mzinga mtupu ili kundi la nyuki liingie. Sasa wewe unataka kupaka nyumba yako ya kulala, uiegeshe kwenye miombo wakati nyuki wanahama? Utaamka asubuhi na wageni elfu kadhaa kwenye kona ya paa. Tayari gari linanukia asali.

Kwa nje tumia mshumaa wa kawaida wa dukani. Sugua kwenye mshono, kisha pitisha pasi ya uvuguvugu juu ya kipande cha karatasi. Nta ya nyuki iache kwenye uzi wa ndani, kidogo tu.

La pili, rangi. Usinunue turubai la buluu wala jeusi. Ndorobo (mbung'o) wanavutwa na rangi hizo mbili, ndiyo sababu mitego na vitambaa vyenye dawa vinavyotundikwa hifadhini ni vya buluu na nyeusi. Kwenye mapori yetu hilo ni kujiitia taabu. Chukua rangi ya udongo au kijani kilichopauka. Na lile la madoa ya kijeshi, hata ukilipata kwa bei ya kutupa, liache palepale, raia hatuna ruhusa nalo.

Dereva_Sharqiya
Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Oman, nina Land Cruiser pikapu na kibanda cha turubai nilichoshona mwenyewe kwa kulala kwenye michanga ya Sharqiya.

Nataka kusema juu ya uzi tu, kwa sababu ndio ulioniumiza. Nilishona kwa uzi wa nailoni kwa kuwa ulikuwa na nguvu mkononi. Baada ya majira mawili ya joto, kitambaa kilikuwa kizima na uzi unakatika kwa kucha. Jua ndilo adui wa nailoni. Nilifumua kila kitu, nikashona upya kwa poliesta nene, na mpaka leo haujakatika hata mshono mmoja. Jua la Tabora si la Sharqiya, lakini gari lako litakaa nje mwaka mzima. Nunua poliesta tangu siku ya kwanza, kushona mara mbili kunavunja moyo.

Fundi_Turubai_Arusha
Nakubaliana na mzee wa Oman. Naongeza kwamba ule uzi wenye kiini cha poliesta na pamba kwa nje ni mzuri zaidi kwenye kanvasi, maana pamba inavimba na kuziba tundu la sindano.

Kuhusu Butterfly ya shemeji: itashona tabaka mbili bila shida ukiweka sindano namba 18 na hatua ndefu ya mm 4. Penye makutano, ambapo tabaka zinafika sita au nane, toa mguu kwenye kanyagio, zungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja. Ukilazimisha, sindano inavunjika na vipande vinaruka, kwa hiyo vaa miwani. Sehemu zitakazokushinda mpelekee fundi wa viti vya magari. Cherehani zao zina mguu unaotembea, unaosukuma kitambaa cha juu na cha chini pamoja, na kazi ya saa nzima kwako ni dakika tano kwake.

Usibane kwa pini, kila pini ni tundu. Bana kwa vibanio vya kuanikia nguo.

Na tafadhali, usikate kanvasi kwanza. Nyanyua paa, shona ukuta mzima kwa viroba vya sandarusi au shuka kuukuu, uvalishe, upandishe na kushusha paa mara kumi. Utaona kona zinakobana. Hapo ndipo ukate kitambaa cha fedha.

Mchomeleaji_Kariobangi
Juu ya kunyanyua paa: usiharakie zile nguzo za gesi zinazonyanyua mlango wa buti. Zinapendeza, lakini zikichoka uko mbali na duka. Tumia bomba ndani ya bomba. Skwea paipu ya 30 yenye unene wa mm 2 inabakiwa na mm 26 ndani, kwa hivyo ya 25 inapita ikiwa na nafasi ya mm 1. Ndani ya bomba kuna ukingo wa weldi ya kiwandani, upige tupa kabla, la sivyo itakwama. Nguzo nne, pini nne, watu wawili wananyanyua.

Kitanda kiweke juu ya ndoo. Ndoo zina kama sentimita 40, ubavu wako ni 48. Ubao wa vipande vitatu ukikaa kwenye sentimita 45, ndoo zinalala chini, wewe unalala juu, na hakuna anayemhamisha mwenzake usiku.

Binti_wa_Matanga
Umesahau jambo moja, kakangu: paa likishuka, turubai laenda wapi? Likitoka nje labanwa na ukingo wa sanduku, na siku ya tatu lina tundu. Zungushia kamba ya mpira nje ya turubai, katikati ya kimo chake. Paa likishuka, mpira wavuta kitambaa kiingie ndani chenyewe.

Mama_wa_Safari
Mimi nauliza madirisha, maana naona mnazungumza chuma na uzi tu. Tulilala na wanangu Ngorongoro, kambi ya ukingoni mwa kreta. Pale ni zaidi ya mita 2,200, baridi inauma. Jirani yetu alitaka kuingiza jiko la mkaa kwenye hema lake, tukamzuia kwa nguvu. Sumu ya mkaa haina harufu na inaua watu usingizini. Hakuna jiko ndani, hata la kupasha maji ya mtoto.

Weka madirisha mawili yanayotazamana, na la juu lisizibwe kabisa hata kwenye mvua. Neti iwe ile ya matundu 156 kwa inchi ya mraba, ya vyandarua, siyo ya madirisha ya nyumba yenye matundu makubwa. Kifuniko cha turubai kiwe kwa nje, kikunjwe kutoka chini kwenda juu, ili mvua ya ghafla ukifungue kwa kamba moja kishuke.

Mrina_Sikonge
Wakuu, wiki tano zimepita, narudi na taarifa.

Nimekwenda na namba 2, ya kushuka kwenye gari. Nimeipima kwenye mizani ya mazao: kilo 94 bila godoro. Ndoo nimezifanya 25. Ukuta wa viroba ulinionyesha kwamba kona za nyuma zilikuwa fupi kwa sentimita 4, ningekuwa nimeharibu kitambaa chote. Kanvasi ni ya mchanganyiko, rangi ya udongo. Mke wangu ameshona mistari mirefu, mimi nimezungusha gurudumu kwenye makutano, kona mbili amezimalizia fundi wa viti. Kwenye sanduku nimekibana kitambaa kwa fleti baa (ukanda bapa) ya alumini, skrubu kila sentimita 10, na silikoni chini yake.

Jana tumeimwagia maji mara ya pili. Inavuja sehemu moja tu, juu ya zipu ya mlango, tone kwa tone.

Fundi_Turubai_Arusha
Hongera sana kaka, na mpe shemeji pongezi zangu. Hapo juu ya zipu shona ulimi wa kanvasi wenye upana wa sentimita 6, juu ushonwe, chini ubaki huru, upite mwisho wa zipu kwa vidole vitatu kila upande. Usifukuze tone kwa silikoni, zipu itakufa.